Atakayesema Ndoo

La, hilo si tusi, mwanangu, kaa. Wale watoto wakipita hapo nje wakaniita Babu Ndoo hawanitukani, wananiheshimu. Zamani nilikuwa Babu Cherehani, kwa kazi yangu ya kutengeneza cherehani, na jina hilo nililibeba miaka arubaini pasi na mtu kuniuliza kitu. Hili la ndoo lina miezi miwili tu na kila mgeni anauliza. Basi kunywa kahawa nikwambie. Lakini nikipotea njia nirudishe, maana bibi yenu husema mimi nikitumwa chumvi hurudi na habari za msiba.

Kwanza ujue neno. Sisi watu wa Jomvu Kuu, kumwita mtu twasema ndoo. Ndoo hapa. Ndoo ule. Watu wakiwa wengi, ndooni. Nyinyi na vitabu mwasema njoo. Njaa kwetu ni ndaa, njia ni ndia, macho ni mato. Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu, na wazee wetu walielewana, wakaoana, wakatuzaa. Sasa hivi nakusimulia kwa Kiswahili cha kitabuni ili usichoke, lakini jua kwamba najikaza.

Haya. Mambo yalianza siku ya Ijumaa. Mahfoudha, binti yangu, anafundisha gredi ya pili shule ya hapa hapa, na yeye na mumewe Zaid tunakaa nao nyumba moja, pamoja na kitinda mimba wao Salsabil, aliye darasani mwake humo humo. Akaingia, akavua viatu, akasema, "Nimepawa tableti."

Mamake akaacha kukuna nazi. Akamwuliza ni malaria au presha, na kama ameambiwa azinywe kabla ya kula au baada. Mahfoudha akatoa mkobani kitu kipana cheusi kama sinia dogo la mahamri, akakiweka juu ya mkeka. Bibi yenu akakitazama, akasema hicho hata akivunje mara nne hakimezeki.

Kumbe walikuwa wamekusanywa walimu wa madarasa ya chini, siku tatu, ukumbi mmoja wa hoteli kule Changamwe, wafundishwe kufundisha kwa vioo kama hicho. Aliyewafundisha ni msichana wa mradi aitwaye Winfred, mtu wa bara, mzuri wa tabia lakini anaongea kama anakimbizwa. Mahfoudha alitusimulia yote huku anacheka, lakini mimi nilimlea, najua kicheko chake kikiwa na mwiba ndani. Siku ya kwanza alikishika kioo juu chini, akakaa nacho saa nzima akishangaa maandishi. Kijana mwalimu aliyekaa kando yake akamgeuzia polepole bila neno, kama unavyomgeuzia mtoto shati alilovaa nyuma mbele. Siku ya pili aliandika neno lake la siri kwenye kiganja, akaenda kutawadha adhuhuri, akarudi na kiganja cheupe. Ikabidi anyanyue mkono mbele ya watu sitini aombe jingine. Siku ya tatu mchana ikaletwa biriani, na somo la mwisho likaliwa pamoja na biriani. Ikumbuke hiyo biriani, nitairudia.

Hicho kioo kazi yake ni hivi. Mtoto anasoma, chenyewe kinasikiliza, kinaandika kilichosikia, kisha kinatoa alama. Na mwalimu naye anaposema darasani kinamsikiliza, kinampa zake. Ndani yake muna sauti ya mwanamke, laini, haina haraka, haina hasira. Ukikosea haikukaripii. Inasema tu, "Jaribu tena."

Na alama zile hazikai hapo. Zinaruka hewani mpaka ofisini. Mwalimu mkuu, Mwalimu Ngowa, alimwita Mahfoudha akamwambia kwa upole, maana ni muungwana, kwamba baada ya siku kumi Winfred atakuja kukaa darasani na kioo. Mwalimu atakayepata chini ya hamsini, darasa lake litapewa mwengine aliyeiva.

"Na mimi niende wapi?" Mahfoudha akamwuliza.

Ngowa akatazama dirishani. Akasema kuna ile stoo. Vile vioo ni arubaini, vinataka mtu wa kuvitia chaji.

*

Jioni ile ile tukakaa tujaribu. Salsabil, ana miaka minane, akasomeshwa hadithi ya humo ndani. Kuna picha ya mama na sufuria, na maneno chini: Mama amepika wali. Mama anasema, njoo ule. Mtoto akatazama picha, akaona mama, akaona wali, akasoma kwa raha zake kama anavyoitwa kila siku: "Mama amepika wali. Mama anasema, ndoo ule."

Kioo kikafikiri. Kikatoa picha ya ndoo, ndoo ya maji, nyekundu, ina mpini. "Jaribu tena."

Salsabil akajaribu tena. Ikaja ndoo. Akajaribu kwa sauti kubwa. Ndoo. Mahfoudha akamwambia mtoto asogee, akasema, "Ndoo huku nikuonyeshe," na kioo kikamsikia yeye, kikamtolea yake.

Zaid ni karani wa yadi ya makontena, anashinda na watu wa bara, akasema tumpishe. Akapata arubaini na moja, akatembea nyumba nzima kifua mbele. Mimi nikavaa miwani. Nilifika darasa la tatu tu, lakini nasoma, nasoma hata vibao vya madukani. Nikasoma wima kama mtu wa khutuba. Kioo kikanipa kumi na mbili, kikanipigia makofi, kikaniletea picha ya kifaranga kinatoka yaini, kikasema mimi ni msomaji anayeanza. Zaid alicheka mpaka akalala chini, nami nikamwambia mkwe hacheki hivyo, lakini nikacheka pia.

Bibi yenu alikataa kabisa. "Mimi siulizwi Kiswahili na kioo," akasema. Lakini ni yeye aliyempa yule mwanamke wa ndani jina. Akamwita Bi Jaribu-Tena. Na ni yeye aliyetoa amri.

Alisema mwanawe hatatiwa stooni kama gunia kwa sababu ya neno moja. Neno likiharibiwa nyumbani litatengenezwa nyumbani. Kuanzia kesho, mtu akitaka kumwita mtu aseme njoo. Atakayesema ndoo, na akachote ndoo. Kisimani, pale msikitini, hatua mia mbili kwenda na mia mbili kurudi. Mkubwa, mdogo, aliyefunga, anayeumwa na goti.

Goti ni langu.

*

Nikwambie, nyumba ilibadilika. Mtu akiamka asubuhi anajipapasa ulimi kwanza. Zaid alikuwa akisema kama redio ya saa moja. "Baba mkwe, je, ungependelea nikumiminie chai?" Nami namjibu, "Naam, ningependelea." Sahani moja ya maharagwe ilikuwa inapita mikononi kwa maneno arubaini.

Lakini ulimi una njia yake. Siku ya kwanza nilichota mara sita. Paka aliingia, nikamwita, nikachota. Mtu alibisha hodi, nikamkaribisha, nikachota, yeye akakaa barazani akinisubiri hata nikirudi. Salsabil alichota mara nne, kibuyu kidogo kwa umri wake. Zaid mara mbili, na mara ya pili alikuwa anamwambia mtu kwenye simu njoo vizuri kabisa, ila akamalizia, "ukija usipite ndia ya chini," kukawa na mashtaka, na bibi yenu akahukumu kwamba ndia ni ndugu yake ndoo.

Maji yakajaa. Mapipa mawili, kisha karai la kufulia, kisha masufuria makubwa ya arusi, kisha madebe, kisha hata birika za chai. Ukitaka kupika lazima kwanza umwage. Bibi yenu mwenyewe, siku kumi, hakukamatwa hata mara moja. Alikuwa anaita watu kwa kupiga kijiko kwenye sinia.

Na jirani yetu Nyamvula, huyu mama wa nyumba ya mabati hapo, yeye ni Mgiriama wa Kaloleni asili yake, na mwanawe Menza yuko darasa la Mahfoudha. Nyamvula alizoea kununua maji kwa mkokoteni. Aligundua siri. Asubuhi anasimama mlangoni kwangu na debe tupu, mpole, mkono kifuani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Babu, mimi nimesahau. Mtu akiwa nje nawe uko ndani, wamtaka aingie, wamwambiaje?"

"Namwambia ndoo ndani," nasema. Na bibi yenu anasikia kutoka jikoni, anapiga kijiko.

Nilimchotea yule mwanamke maji siku nne mfululizo kabla sijajua nachezewa. Nilipomuuliza kama haoni aibu, akasema, "Babu, nami namsaidia mwalimu. Wewe wazoea." Akajitwika debe lake akenda zake anatikisika mabega.

*

Lakini alama hazikupanda. Hapo ndipo pabaya. Mahfoudha alijifunza njoo mpaka akaisema usingizini, lakini ukikaza ulimi huku, unalegea kule. Alisahau kuisahihisha ndia, akasahau ndaa. Ishirini na mbili, ishirini na saba, thelathini, ishirini na tano. Na darasani ilikuwa mbaya zaidi. Aliongea kama mtangazaji, watoto wakamtazama kama mgeni. Salsabil alituambia kwamba watoto wameulizana kama mwalimu ni mgonjwa.

Siku ya tisa, baada ya alasiri, alikuja kukaa nami barazani. Nilikuwa nimefungua cherehani ya mtu, nimetandaza vyuma juu ya gazeti. Akachukua kitambaa akawa ananipangusia sindano moja moja, kama alivyokuwa akifanya mdogo.

"Baba," akasema, "miaka ishirini na miwili nafundisha watu kusoma. Kuna mmoja sasa ni daktari. Hini leo yanambia mimi siyui kusema."

Sikumsahihisha ile hini iwe hii, wala siyui iwe sijui. Kuna wakati wa kuchota maji na kuna wakati wa kumsikiliza mwanao.

Nikamwambia cherehani yoyote, hata ikitoka wapi, ikija mpya hukaza uzi. Ukiitia kitambaa cha kwetu chepesi inakikunja, inakirarua. Mjinga husema kitambaa kibovu. Fundi hutafuta ile parafujo ndogo ya mbele, akailegeza nusu mzunguko, mambo yakenda. Aliyeiunda hakukijua kitambaa chako, lakini alijua kuna vitambaa asivyovijua, ndiyo maana akaitia parafujo.

"Hini yako haina parafujo?" nikamwuliza.

Akanitazama, akacheka kidogo. "Kioo, baba. Ni kioo kitupu."

Akarudi ndani kupiga pasi buibui lake la kesho. Nami nikabaki nasema peke yangu, haiwezekani, kila mashine ina mahali pa kulegeza.

*

Sasa kwa nini nilikuweko darasani siku hiyo ya kumi. Mtaala huu mpya unataka mzee wa mtaa aalikwe aone, na Ngowa aliandika jina langu. Nikavaa kanzu, nikavaa koti, bibi yenu akanirekebisha kofia akaniambia nikae kama picha, nisiseme kitu. Nikakubali. Wallahi nilikubali kwa nia safi.

Nikawekwa kwenye kiti cha mtoto pale nyuma, magoti mdomoni. Winfred kando yangu na kalamu, Ngowa kando ya mlango. Kioo kimesimamishwa juu ya meza ya mwalimu, na watoto hamsini na wawili wametulia kama vikombe kabatini.

Mahfoudha akasimama. "Hamjambo, wanafunzi," akasema kwa ile sauti ya redio. "Leo tutasoma kwa ufasaha. Menza, njoo mbele tafadhali."

Menza akageuka nyuma kumtafuta Menza anayeambiwa tafadhali. Akaitwa tena. Akasimama mahali pake, akainamisha kichwa, mikono nyuma. Haji. Mahfoudha akaita mwengine, msichana, akasema abee, akasimama, naye haji. Darasa limekuwa zito. Kioo kikangoja. Kikasema, "Hakuna sauti. Jaribu tena." Winfred akaandika. Nikaona mwanangu anapitisha mkono kwenye ukosi wa buibui, na stoo ile naiona kabisa, mlango wake uko nyuma ya choo cha walimu.

Sikuweza. Nikasahau mimi ni picha. Nikamtazama yule mtoto wa Nyamvula, nikamwambia polepole, "Ndoo, babu. Ndoo usiogope."

Menza akaja. Mbio, kama aliyefunguliwa kamba. Akapita kwa mwalimu akaja mpaka kwangu.

Na mimi, mwanangu, siku kumi. Siku kumi za kisima. Mdomo ulipotoa lile neno, miguu ikainuka yenyewe. Haikuniuliza. Nikatoka kwenye kile kiti, nikapita mbele ya Ngowa nikamwamkia, nikatoka nje, nikaikuta ndoo ya shule chini ya tangi, nikaijaza, nikageuka. Hapo ndipo akili iliponifika, lakini nishafika mlangoni.

Huku ndani Bi Jaribu-Tena alikuwa amenisikia. Ameifikiria ile sauti yangu kwa kituo. Na wakati uleule naingiza mguu na maji yananimwagikia kanzu, kioo kikatoa picha ya ndoo nyekundu, kikasema kwa furaha ambayo hatujaisikia siku kumi zote, "Ndoo. Vizuri sana."

Darasa lilipasuka. Watoto walicheka mpaka mmoja akaanguka chini ya dawati akabaki hukohuko anacheka. Winfred aliangusha kalamu. Ngowa alijifunika uso kwa daftari la mahudhurio, na daftari likawa linatikisika. Salsabil peke yake alisimama wima kwa hofu, maana alidhani sasa ni zamu yake kwenda kuchota.

Mahfoudha alikuwa amejiziba macho. Nikasema basi, nimemwua mwanangu. Kisha nikaona mabega. Alikuwa anacheka. Akatoa mikono usoni, na uso uliotoka ulikuwa wake, ule wa miaka yote. Akaja akanipokea ndoo, akaitia juu ya meza kando ya kioo, pwaa.

"Hini ni nini?" akauliza watoto.

"Ndoo!"

"Na mama akipika, akikwita ule, asemaje?"

"Ndoo!"

"Basi yuwataka ulile debe la maji?"

Wakacheka tena. La, mwalimu. Akauliza, kitabu je, chasemaje? Salsabil akasema, "Njoo."

Menza, bado ameshika kanzu yangu, akasema kwao hawasemi ndoo wala njoo. Kwao mama yake husema ndzo. "Ndzo haha," akasema, na watoto wa Kigiriama wote wakaitikia kama ndege waliotupiwa mtama.

Mahfoudha akachukua chaki. Akapiga mistari miwili ubaoni, akapata safu tatu: kwetu, kwa kina Menza, kitabuni. Na mvua ikanyesha, mwanangu. Mato, macho. Ndaa, njaa. Ndia, njia. Mikono juu, watu wanapanda madawati, waliokuwa mabubu wanagombania kusema. Kila mmoja alikuwa na neno la nyumbani, na kila neno lilipata mwenzake wa kitabuni, wakakaa kando kando ubaoni bila kupigana.

Kioo kilikuwa kinasikiliza yote yale. Kilipochoka kikatoa hesabu. Ishirini na tisa.

*

Kicheko kikatoka chumbani kama maji kwenye karai lililotoboka. Ngowa akasema pole, mwalimu. Akalisema kwa uchungu kweli. Winfred alikuwa anatazama ubao, anatazama kioo, anatazama ubao.

Mimi nilikuwa nimeshaharibu, nikaona niharibu mpaka mwisho. Nikamwambia, "Bintiangu, samahani. Mimi ni fundi cherehani. Hii mashine yenu, parafujo yake ya kulegeza iko wapi?"

Akauliza parafujo gani. Nikamweleza uzi, nikamweleza kitambaa, nikamweleza kwamba aliyeiunda hawezi kuwa mjinga kiasi hicho.

Nikaona uso wa Winfred unabadilika rangi, na akakaa chini kwenye kiti changu cha mtoto.

"Iko," akasema. "Iko, babu. Ni somo la mwisho. Siku ya tatu, saa nane."

"Saa nane tulikuwa kwa biriani," Mahfoudha akasema.

"Wote. Hata mimi. Nikasema hiyo ni ndogo, watajisomea." Akainamisha macho. "Mwalimu, hiyo makosa ni yangu. Si yako."

Si kila mtu na kalamu yake anaweza kusema hivyo mbele ya watoto. Nilimpenda pale pale.

Akafungua kioo, akabonyeza huku, akabonyeza kule, kikafunguka chumba ambacho hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kukiingia. Humo mwalimu anaweza kukifundisha kioo maneno ya watoto wake. Unachagua picha, unaleta mtu mwenye neno lake, analisema mara kumi. Winfred akauliza nani atasema. Watoto hamsini na wawili wakaninyoshea kidole.

Basi nikaletwa mbele. Mahfoudha akachagua picha ya mkono unaoita mtu. Nikakohoa, nikaweka kofia sawa, nikakiinamia kile kioo. "Ndoo," nikasema. "Ndoo. Ndoo, mwanangu, ndoo." Mara kumi, na kila mara moja watoto wakihesabu kwa sauti. Menza akafuata na ndzo yake. Tukamaliza, kioo kikafikiri, kisha yule mwanamke akasema, "Asante, mwalimu."

Mwalimu. Mimi niliyetolewa darasa la tatu kwenda kupuliza moto wa mhunzi. Nilitafuta pa kutazama nikapakosa, nikatazama ndani ya ndoo.

Kisha Mahfoudha akamwita Menza asome. Akamwita vyetu, ndoo, na kioo hakikuleta ndoo, kikaleta mkono. Menza akasoma ukurasa wote. Na alipofika pale pa mama na wali, akasimama, akatazama ubao, akatazama kitabu, akasoma kama ilivyoandikwa: "Njoo ule." Hakuambiwa na mtu. Alikuwa amezijua zote tatu, akachagua. Wakasoma wengine kumi na wanne. Kioo kikatoa sabini na moja.

Ngowa alipiga makofi peke yake kabla hajakumbuka yeye ni mkuu. Stoo ile mpaka leo inakaa fagio. Na Winfred kabla hajaondoka alimwomba Mahfoudha kitu. Likizo ya Agosti walimu watakusanywa tena, na anataka lile somo la mwisho lifundishwe na yeye, Mahfoudha, na safu zake tatu.

"Nitakuja," Mahfoudha akamwambia, "lakini liwe la kwanza. Kabla ya biriani."

*

Tulirudi nyumbani kama watu wa arusi. Mbele watoto, wananiimbia Babu Ndoo, hilo jina ndipo lilipozaliwa. Nyamvula alitukuta njiani, akasikia habari za Menza kusoma ukurasa mzima, akanishika mikono yote miwili akaniomba radhi kwa yale maji. Nikamwambia nimemsamehe madebe matatu, la nne bado. Winfred tulimlazimisha aje, akasema ana gari linamsubiri, Zaid, aliyekuwa mlangoni na bibi yenu akitungoja, akamwambia gari litasubiri, Jomvu mtu haondoki na ndaa. Akasema ndaa mbele ya bibi yenu, na bibi yenu akaiacha ipite.

Bibi yenu alikuwa amepika tangu asubuhi bila kujua kama ni chakula cha furaha au cha kufuta machozi. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha. Ameshamwaga masufuria mawili ya maji apate pa kupikia. Tukamsimulia sote kwa pamoja, kila mtu anamkata mwenzake, Zaid ambaye hakuweko ndiye aliyesimulia zaidi. Kioo kiko kwenye kabati, kimefunguliwa, Salsabil anakionyesha kwa Winfred kana kwamba Winfred hakijui.

Sinia likatandikwa mkekani. Tumesimama ovyo, tunasemezana, hakuna anayekaa. Bibi yenu akatafuta kijiko chake apige, kijiko kiko ndani ya wali. Akachoka na kelele. Akaweka mikono kiunoni akasema, "Haya ndooni mule, chapoa."

Nyumba nzima ikamgeukia.

Siku kumi. Hakuwahi kukamatwa. Akatutazama, nasi tukamtazama, na juu ya kabati kioo kikatoa ule mkono unaoita.

"Amri imekwisha leo," akasema bibi yenu.

Zaid akaenda polepole akaleta ndoo, akaiweka miguuni pake kwa adabu, mkono kifuani. Bibi yenu akajifunga leso kiunoni. Alitoka, nasi tukamfuata mpaka mlangoni kumtazama akishuka ile njia ya msikitini, mgongo umenyooka, kidevu juu, na hakugeuka hata Nyamvula alipompigia vigelegele.

Kila chombo ndani kilikuwa kimejaa maji, lakini hakuna aliyegusa. Tulingoja yale. Akarudi, ndoo kichwani, hajamwaga hata tone. Akaanza kwa mgeni, akamnawisha Winfred, kisha Mahfoudha, kisha Salsabil na Menza, kisha Nyamvula, kisha Zaid. Mimi wa mwisho. Akanimwagia mikononi kidogo kidogo, yale maji baridi ya kisimani, akaniambia kwa sauti ya chini nikae sasa, mwalimu, wali unapoa.

Tukakaa, tukala.